Saipresi kukauka upande wa chini

Mkuu, umeuliza kama hiyo saipresi yako ya Ipagala, hapa Dodoma, inayogeuka kahawia chini, uikate hadi kwenye shina ichipue upya. Usithubutu! Saipresi si mwarobaini. Ukikata mpaka kwenye tawi lisilo na kijani, hapo hapachipui tena, utabaki na tundu. Punguza ncha za kijani tu.

Kwanza chimba kidogo kwa kidole karibu na mti uone kama udongo umekauka. Dodoma mvua zikikata mwezi wa nne, kinachobaki ni upepo na vumbi hadi Desemba. Mimi nilikuwa nanyunyizia kila jioni, juu panalowa, chini unga mtupu. Sasa namwaga ndoo mbili za lita 20 kwa wiki, polepole, na nimetandaza nyasi kavu (zisiguse shina).

Halafu funua matawi. Ukiona vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu) wa kijivu wamejipanga na matawi yananata, ndio hao walioonekana Malawi mwaka 1986 wakasambaa hadi kwetu. Waoshe kwa maji ya sabuni, asubuhi, si jua kali. Ukahawia wa ndani kabisa usikutishe, ni majani yaliyozeeka.

Tupia picha ya hayo matawi ya chini tuone.