Stelingi ikiwa nzito, usikimbilie kununua reki

Ukitaka kuijua stelingi ya gari, ishi Pemba. Njia ya kutoka Wete kwenda Chake haikupi nafasi ya kupumzisha mikono: kona, kilima, kona, ng'ombe. Carina yangu ilipoanza kuwa nzito sikungoja kuambiwa na mtu. Nilifika kazini bega linauma kama nimeshinda juu ya mkarafuu.

Fundi wa kwanza aliuzungusha usukani mara mbili tu, akasema, “Reki imekufa hii.” Reki ndicho kile chuma chenye meno kinachosukuma magurudumu ya mbele kushoto na kulia. Nami kwa pupa yangu nikaagiza reki ya mtumba Dar es Salaam, ikaja na boti hadi Mkoani. Laki tatu na ushei, ufundi mbali. Ikafungwa. Stelingi nzito vile vile, na ule mngurumo chini ya boneti kila nikikata kona uko pale pale.

Aliyeniokoa ni mzee wa mtaani kwetu aliyefanya kazi miaka na miaka kwenye injini za mashua. Nilimwamkia, akaitikia marhaba, akasikiliza kidogo.

“Usizime. Fungua hicho kidumu cha oili, mwanangu.”

Nikafungua. Oili ya stelingi ya gari hii ni ile nyekundu ya giaboksi ya otomatiki, na inatakiwa itulie. Ile yangu ilikuwa imegeuka waridi, imejaa povu, inapanda kama tui linalotaka kumwagikia jikoni.

“Inavuta upepo hiyo.”

Kosa lilikuwa kwenye mpira mfupi unaotoka kwenye kidumu kwenda kwenye pampu, ile inayosukuma oili hadi kwenye reki. Mpira huo hauna presha, pampu inaufyonza. Klipu yake ikilegea, mara nyingi haimwagi oili nje, bali inaingiza hewa ndani. Ndiyo maana chini ya gari palikuwa pakavu na fundi hakuona kitu. Oili haibanwi, hewa inabanwa. Kwa hiyo nguvu iliyotakiwa kusukuma reki ilikuwa inapotelea kwenye mapovu. Tukakata ncha ya mpira iliyokauka, tukafunga klipu mpya ya shilingi elfu moja.

Hewa iliyobaki tuliitoa hivi: magurudumu ya mbele juu kwa jeki na stendi, injini imezimwa, usukani unazungushwa taratibu mwisho wa huku mpaka mwisho wa kule, mara kumi na zaidi, huku mwengine anaongeza oili isikauke kidumuni. Ndipo unawasha na kurudia. Ukifika mwisho wa kukata usiung'ang'anie zaidi ya sekunde chache, unaipikia pampu oili.

Tangu siku hiyo naanza na vitu vya bure. Kwanza upepo wa tairi za mbele. Tairi laini peke yake inatosha kuufanya usukani mzito. Kisha mkanda wa pampu: ukipiga kelele kali ya kulia pale unapokata mpaka mwisho, umelegea au umekwisha. Kama stelingi ni nzito gari imesimama, ukikanyaga mafuta inalainika, basi shuku mkanda, na baada yake pampu. Nzito upande mmoja tu, hapo ndipo reki inapostahiki kushukiwa. Na ukisikia kugonga kwenye mashimo, hilo si suala la oili, angalia tairodi na boli jointi, vile viungo vya magurudumu ya mbele.

Jaribio ninalolipenda zaidi: nyanyua mbele, zima injini, zungusha kwa mkono. Kama unakwama mahali au unakwaruza, ubovu ni wa vyuma. Sisi wa kisiwani tuna chumvi hewani, na ile jointi ya shafti ya usukani hushika kutu ikagoma, hata usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Pampu mpya haitakusaidia kitu hapo.

Na tafadhali, oili ikipungua usitie ya breki. Nimeona mtu akifanya hivyo kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo; sili zote, zile raba za kuzuia oili, zilivimba, na kila kitu kikaanza kuvuja.

Wenye gari za stelingi ya umeme, kama Vitz nyingi, msitafute kidumu, hakipo. Taa ya stelingi ikiwaka kwenye dashibodi, anza na betri: zile ncha zake zikiota unga mweupe au wa kijani, safisha na ukaze. Halafu fyuzi, halafu alteneta inayochaji betri. Baada ya hapo mtafute fundi umeme mwenye mashine ya kusoma makosa, maana kubahatisha ndiko kulikonifikisha mimi Mkoani kupokea mzigo nisiouhitaji.

Ile reki yangu ya asili, nzima kabisa, bado ipo nyuma ya mlango wa stoo, imefungwa kwenye gunia. Mwenye Carina anayeihitaji kweli aniambie, ila aje kwanza tumtazamie kidumu chake.