Kabla hujafuta, piga skrinshoti

Stika ilikuwa ya sura yangu mwenyewe. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, tunawasilisha kazi mbele ya darasa, neno moja la Kiingereza likanikwama nikabaki mdomo wazi. Kumbe kuna mtu anarekodi. Jioni ile ile mdomo wangu ukawa stika kwenye kundi la WhatsApp la darasa, chini imeandikwa "Inatafuta mtandao".

Wiki ya kwanza nilicheka nao. Nilikosea, maana walidhani nimeridhia. Ikawa mtu akichelewa kujibu, stika. Bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa, stika. Nikaanza kukwepa vipindi, usiku nashtuka simu ikitetemeka hata kama haijatetemeka, na muhula ule nikaondoka na sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Kila niliyemwambia alinijibu, "Wapuuze tu." Utampuuzaje mtu anayeishi mfukoni mwako?

Likizo nikarudi Tanga, nyumbani Ngamiani. Siku ya tatu bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona hiyo simu waigeuzageuza kama ng'onda juani?" Nikalia pale pale jikoni. Hakuielewa stika hata nilipomwonyesha, ila alielewa kwamba sili.

Aliyenisaidia kwa vitendo ni dada yangu. Alinipokonya simu siku nne, akawa anasoma kundi yeye, ananiambia ya masomo tu. Na wewe tafuta mtu wa namna hiyo, mmoja tu anatosha. Mimi nilikuwa nimeshafuta nusu ya ushahidi kwa hasira, akanigombeza. Piga skrinshoti kwanza, namba ya mtumaji ionekane na tarehe pia, kwa sababu jina ulilohifadhi wewe kwenye simu halimtambulishi mtu. Nakala mtumie unayemwamini. Baada ya hapo futa, zuia, jitoe.

Hili wengi chuoni hawalijui: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sikwenda polisi. Dada alimtumia msimamizi wa kundi kifungu hicho pamoja na skrinshoti kumi na moja, na stika ikakoma usiku ule ule. (Watu watatu wakanifuata inboksi kunipa pole. Wote walikuwa wameitumia.)

Usingizi haukurudi upesi hivyo. Ukiona wiki mbili zimepita hulali, huli, hutaki watu, nenda hospitali ukamwone mtu wa afya ya akili. Na ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje hata kesho. Mimi nilichelewa kwa kuona aibu, nikidhani nitaulizwa, "Yaani stika tu?" Daktari hakuuliza hivyo. Aliniuliza nalala saa ngapi.

Aliyeitengeneza nilikutana naye kwenye mahafali. Akaniomba tupige picha. Nilikataa.