Muulize Daktari: Damu iliyoganda ilishatibiwa, mbona mguu bado unavimba?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani huku Tanga, nina miaka 34. Mwaka juzi, wiki tatu baada ya kujifungua kwa operesheni, mguu wa kushoto ulivimba ghafla ukauma kuanzia pajani, nikakimbizwa hospitali wakanipiga altrasaundi wakasema damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Nikachomwa sindano za tumboni, halafu vidonge vya warfarini vya kuzuia damu kuganda miezi sita, nikaambiwa nimemaliza dozi niendelee na maisha. Sasa mbona mguu haujarudi? Asubuhi uko vizuri tu ila ikifika saa kumi jioni kandambili inabana, mguu mzito kama nimefungiwa tofali, unawasha, na pale juu ya kifundo kwa ndani ngozi imekuwa kahawia. Mama mkwe anasema ni matende, jirani anasema nimekanyaga kitu, duka la dawa wakanipa vidonge vya kukojoza. Mume wangu kanihurumia kaninunulia cherehani ya umeme nipumzishe mguu, lakini mbona naona ndo umezidi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na huyo mume mshukuru, nia yake njema, ila hiyo cherehani ya umeme tutaizungumzia.

Hujakanyaga kitu. Na kwa maelezo yako haifanani na matende, matende hayaji ghafla wiki tatu baada ya kujifungua halafu mguu ukawa unanywea kila asubuhi. Hii ni athari inayobaki baada ya damu kuganda, na wala hauko peke yako, katika kila watu kumi waliowahi kuganda damu mguuni kama wewe, kati ya wawili na watano wanaipata, wengi ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Shida ni kwamba ukimaliza dozi hakuna anayekwambia, unaambiwa umepona basi, na kweli donge limetibiwa ila mshipa uliokuwa na donge haukubaki kama ulivyokuwa.

Chukulia pampu ya kisima ile ya mkono. Ikiwa nzima ukikandamiza maji yanapanda na hayarudi, ule mpira wa ndani ukilika unapampu mpaka jasho linakutoka, maji yanapanda kidogo yanashuka tena. Mishipa ya miguu inayorudisha damu juu ina vilango vidogo vidogo ndani, damu ikishapanda vinafunga isirudi. Donge likikaa pale linaviharibu vilango, vingine vinabaki vimekakamaa haviwezi kufunga, na mshipa wenyewe unaweza kubaki mwembamba kwa makovu. Kwa hiyo ukisimama au ukikaa siku nzima damu inajaa chini, presha ndani ya mshipa inapanda, maji yanachuja kwenda kwenye nyama, ndo uvimbe huo wa jioni. Usiku umelala, damu inarudi yenyewe, asubuhi mguu mzuri. Ile rangi ya kahawia ni chembe nyekundu za damu zilizovuja zikavunjika, chuma chake kikabaki kwenye ngozi, ni kama kutu kabisa. Nakuomba usiipake mkorogo, haitoki, na ngozi hiyo tayari ni dhaifu utaitoboa.

Sasa nani anapampu? Ni vigimbi. Kila ukikunja na kunyoosha kifundo, kigimbi kinaukamua mshipa na damu inapanda. Umeona tunapoelekea? Cherehani ya kukanyaga ilikuwa inakufanyia mazoezi masaa na masaa bila wewe kujua, kisigino chini, vidole chini, kisigino chini, halafu ukaletewa ya umeme ukakaa mguu umetulia kutwa. Rudi kwenye ile ya zamani, hata kama ni nusu siku, na ukiwa kwenye ya umeme basi kila nusu saa simama unyanyuke kwa vidole mara ishirini ushikilie meza. Na kutembea kila siku, taratibu unaongeza. Watu wanaogopa kuutumia mguu uliowahi kuganda, wakati kuuweka bila kazi ndo kunaumaliza.

Jioni lala chali, miguu iwe juu kuliko kifua, mito miwili au mitatu, dakika ishirini hivi. Wengine wanaweka tofali chini ya kitanda upande wa miguuni, nayo inasaidia usiku.

Soksi za kubana zipo, zile za hospitali zinazoishia chini ya goti, siyo za michezo. Najua joto la Tanga, Februari hiyo utanilaani, ila zikivaliwa asubuhi kabla mguu haujashuka kitandani wengi wanasema uzito unapungua. Unapimwa kifundo na kigimbi ndo unapewa saizi. Kabla ya hapo lazima mtu wa afya ahakikishe damu inayoshuka kwenda mguuni inafika vizuri, maana kama mishipa inayopeleka damu imeziba soksi inaweza kuua nyama za mguu, hasa kwa wenye kisukari na wavuta sigara. Ukivaa miezi mitatu ukaona haikusaidii chochote, usijitese.

Vile vidonge vya kukojoza acha, labda kama una tatizo la moyo au figo ambalo hukuniandikia. Tatizo lako ni vilango, mwili hauna maji ya ziada, utaishia kukojoa na kizunguzungu.

Kinachonitisha kwako ni pale penye kahawia. Hapo ndo panapochimbika, donda ndugu linaanza na mkwaruzo tu au kuumwa na mbu ukajikuna. Paka mafuta ya mgando kila siku, kata kucha, na pakichubuka usimwagie unga wa vidonge vya rangi mbili kama tunavyofanya mitaani, nenda ukasafishwe ufungwe bandeji ya kubana, kidonda cha aina hii bila kubanwa hakifungi kirahisi.

Na ukitaka mtoto mwingine, siku ya kwanza kliniki sema uliwahi kuganda damu, watakupangia sindano za kuzuia damu kuganda, maana warfarini kwa mjamzito haifai. Uzazi wa mpango wenye homoni ya estrojeni nao usitumie.

SWALI: Dokta, mimi nasukuma lori Dar mpaka Lubumbashi. Niliganda damu kigimbini mwezi wa nne, natumia rivaroksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda, mguu hauna shida saa hizi. Je nikivaa hizo soksi nitajikinga nisije kuwa na mguu mbovu baadaye?

JIBU: Kaka, tulikuwa tunaamini hivyo na tuliwavalisha watu miaka mingi. Halafu 2014 ukatoka utafiti mkubwa wa Kanada na Marekani, watu 806, nusu soksi za kubana kweli, nusu soksi zinazofanana ila hazibani, wakafuatiliwa miaka miwili. Hakukuwa na tofauti. Kwa hiyo kama mguu hauvimbi wala hauumi hela yako kaa nayo, soksi ni za kupunguza adha kwa mwenye adha kama dada hapo juu.

Kinachokulinda wewe ni dawa, usiruke, kwa sababu damu ikiganda tena kwenye mguu uleule ndo hatari ya kuharibika inapanda sana. Na usiikate mwenyewe kisa mguu umepona, wa kukwambia basi ni daktari wako. Punguza tumbo kidogo, madereva mnajijua. Maumivu ya mgongo usimeze diklofenaki ukiwa kwenye dawa hiyo, unaweza kuvuja damu tumboni, omba panadol.

Ile foleni ya Tunduma ambayo unaweza kukaa siku kadhaa usiilale yote kwenye kebini, shuka uhesabu malori mpaka mbele urudi. Lakini mguu ukivimba ghafla, au pumzi ikakata, kifua kikachoma ukivuta hewa, ukakohoa damu, paki hapohapo uende hospitali ya karibu, mzigo watatafuta dereva mwingine.