Baba alitolewa saratani ya ini, sasa ana limfoma (saratani ya seli za kinga): je, ni virusi vilevile?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, tunaishi Mbagala. Miaka mitatu iliyopita alipasuliwa akatolewa uvimbe wa saratani ya ini, tukaambiwa chanzo ni virusi vya homa ya ini B. Mwaka huu ametokwa na matezi shingoni. Walichukua kinyama cha kupima, na majibu yanasema limfoma ya seli B. Ndugu wanasema saratani imetembea kutoka kwenye ini. Ni kweli, au virusi vimeleta saratani nyingine? Wiki ijayo anaanza dripu za saratani hospitali ya Ocean Road. Ile dawa ya homa ya ini, tenofoviri, aliiacha kama miezi minne sasa, kwa sababu jirani aliona kopo akasema ni dawa za UKIMWI. Je, airudie sasa au amalize dripu kwanza? – Binti wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumbani. Nitaanza na sentensi zako za mwisho kwa sababu ndizo zenye haraka. Asisubiri kumaliza dripu. Daktari wake wa saratani anatakiwa kujua, kabla ya dripu ya kwanza, mambo mawili: kwamba baba ana virusi vya homa ya ini B (nitaviita virusi B), na kwamba ameacha dawa. Usisubiri hadi siku ya kliniki. Nenda kesho na faili la upasuaji, majibu ya zamani ya homa ya ini na kopo la dawa, hata kama ni tupu.

Nasema hivi kwa sababu tenofoviri haiviondoi virusi B mwilini. Inavizuia visizaliane. Vinasaba vyake hubaki vimejificha ndani ya kiini cha seli za ini, na kinga ya mwili ndiyo mlinzi anayevizuia visiamke. Sasa angalia dripu anazokwenda kupewa. Limfoma ya seli B mara nyingi hutibiwa kwa mchanganyiko wenye rituksimabu, dawa inayofuta seli B, ambazo ni sehemu ya kinga hiyohiyo, pamoja na vidonge vya prednisoloni ambavyo navyo huipoza kinga. Mlinzi akiondoka, virusi huzaliana kwa wingi. Kisha kinga inaporejea, huzishambulia seli za ini zilizojaa virusi. Macho yanakuwa ya njano, tumbo linajaa maji, na ini linaweza kushindwa kabisa kufanya kazi. Kwa mtu ambaye sehemu ya ini lake ilishakatwa, akiba ni ndogo. Watu hufa kwa hili huku limfoma yenyewe ikiwa inapona, na hilo linaniuma kwa sababu linazuilika kwa kidonge kimoja kwa siku.

Kwa hiyo daktari atataka kuona kazi ya ini, bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huiondoa kwenye damu), figo, na ikiwezekana wingi wa virusi katika damu. Figo ni muhimu kwa sababu tenofoviri inaweza kuzielemea, na ikibidi ipo dawa nyingine, entekaviri. Bilirubini ni muhimu kwa sababu doksorubisini, dripu nyekundu ambayo huenda akapewa, huondolewa mwilini na ini. Ini likiwa dhaifu, dozi hupunguzwa. Kwa kawaida vidonge huanza kabla ya dripu au angalau siku ileile ya dripu ya kwanza, bila kuichelewesha tiba ya saratani. Na akimaliza dripu asiviache. Baada ya rituksimabu virusi vinaweza kuamka hata mwaka mzima baadaye, na kwa mtu aliyekwisha kupata saratani ya ini kwa sababu ya virusi B, mimi sioni siku ya kuiacha dawa hiyo.

Sasa suala la saratani kutembea. Ndugu hawakukosea kulifikiria. Saratani ya ini husambaa, hasa kwenye mapafu, mifupa na matezi yaliyo karibu na ini. Lakini seli ya saratani hubeba asili yake popote inapokwenda. Seli ya ini ikihamia shingoni, mtaalamu wa patholojia ataikuta ina alama za ini. Majibu ya baba yanasema seli B, yaani seli za kinga. Hiyo ni saratani ya pili, iliyoanza yenyewe mahali pengine. Tofauti hii ni kubwa kwa tiba: limfoma nyingi za seli B zinaweza kupona kabisa kwa dripu, ilhali saratani ya ini iliyosambaa haiponi kwa dripu hizo. Ndiyo maana huwa nawasihi wagonjwa waliowahi kuugua saratani wasikubali uvimbe mpya uitwe “ileile imesambaa” kwa kutazama picha tu, kama kinyama kinaweza kuchukuliwa. Ninyi mmeshafanya hivyo, mkafanya vema. Muulize daktari jambo moja tu: je, kinyama kilipimwa kwa rangi maalumu za alama za seli, hasa CD20? Hiyo huthibitisha aina ya limfoma, na ndiyo alama ambayo rituksimabu huilenga.

Je, virusi ndivyo vilivyoleta limfoma? Kwa virusi vya homa ya ini C, ndugu wa virusi B, jibu liko wazi zaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, linavitaja kuwa chanzo cha saratani ya ini na pia cha limfoma. Huzichokoza seli B kwa miaka mingi mpaka mojawapo inapoteza mwelekeo, na ipo aina ya limfoma ya bandama iliyowahi kunywea baada ya virusi C kutibiwa, bila dripu za saratani. Kwa virusi B, uhusiano na limfoma umeonekana katika tafiti nyingi, ila hauna nguvu kama ule wa virusi B na ini lenyewe, ambako vinasaba vya kirusi hujipachika ndani ya vinasaba vya seli. Kwa hiyo ninaweza kukuambia kwamba virusi huenda vilichangia, siwezi kukuambia kwamba ndivyo vilivyosababisha kwa baba yako. Umri nao una sehemu yake. Na aombwe kipimo cha virusi C pia, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Virusi C vina dawa ya vidonge inayoponyesha wagonjwa zaidi ya 95 katika kila 100, lakini kwa mwenye virusi B dawa hiyo hutolewa kwa uangalizi, kwani kuviondoa C kunaweza kuviamsha B.

Kuhusu jirani: tenofoviri kweli hutumika katika kutibu VVU, ikichanganywa na dawa nyingine, na hutumika kutibu homa ya ini B. Kopo halisemi mtu ana ugonjwa gani. Mzee akichoshwa na macho ya watu, hamishieni vidonge vya wiki kwenye kiboksi kisicho na maandishi. Lakini kipimo cha VVU apimwe, kama hakijafanyika karibuni. VVU huongeza hatari ya limfoma, na mwenye VVU hapaswi kunywa tenofoviri peke yake, kwa sababu virusi vya UKIMWI vitaizoea. Nakuomba umweleze kwa upole, maana neno la jirani limeshamtia aibu ambayo hakustahili.

Halafu ninyi wenyewe. Mama, wewe na ndugu zako wote pimweni homa ya ini B. Haiambukizwi kwa kula sahani moja wala kumwuguza. Hupita kwa damu, kujamiiana, wembe wa kuchangia, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Chanjo yake iliingia katika ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002, hivyo aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajawahi kuipata. Atakayekutwa hana virusi wala kinga achanje dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Atakayekutwa navyo aanze kliniki ya ini, na daktari akiona yuko katika hatari ya saratani, atapigwa altrasaundi ya ini kila miezi 6 hata kama anajisikia mzima.

Baba naye aendelee kuchunguzwa ini wakati wote wa dripu. Macho yakigeuka njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, au akaanza kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mtakapofika semeni mapema: ana virusi B na yuko kwenye dripu za saratani.