Subira sikupata, nilichopata ni kazi ya ukalimani

Wiki hii mmeuliza "Kukua na ndugu mwenye ulemavu kumekufaidisha nini?" na majibu ya wenzangu nimeyasoma yote, huruma, subira, kumjua Mungu, moyo wa kusaidia. Hongereni. Mi dada yangu ni kiziwi na subira sina hata chembe, muulizeni mke wangu. Kwa hiyo swali lenu nalipinda kidogo, niseme nyumba yetu ilikuwaje kwa kuwa na mtu ambaye ukitaka kuongea naye lazima umtazame usoni.

Dada alipata homa ya uti wa mgongo kabla hajaanza shule, homa ikapona, masikio hayakurudi. Mama lugha ya alama alikuwa haijui, na wa kumfundisha hakuwepo, wakatunga za kwao wenyewe, maji hivi, choo hivi, Baba ni kofia. Baadaye akapelekwa Mwanga, shule ya viziwi kule Kilimanjaro, na likizo akishuka kwenye basi anakuja na alama mpya kibao, zile zetu za nyumbani anazicheka, anatuona washamba kweli. Ndo tukajifunza. Mi nilishika haraka kuliko wote kwa sababu moja tu, nilikuwa mmbea. Kiziwi anaona kila kitu na hasahau, na ukiijua lugha yake basi habari zote za Ngamiani, mtaa wetu pale Tanga, kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, unazo.

Sasa kuna kisa lazima nikisimulie, nimeshakisimulia kwenye kila harusi ya ukoo.

Ilikuwa 2006, ule mgao wa umeme mabwawa ya Mtera na Kidatu yalipokauka, wanaoukumbuka wanaukumbuka. Nyumba nyingine umeme ukikatika wanalalamika joto na friji, kwetu shida ilikuwa mikono haionekani. Kwa hiyo taa ya chemli ilikuwa na mahali pake, mkekani mbele ya Dada, hata kama anayepika yuko jikoni anahangaika na koroboi. Usiku huo tuko uani tunakula bada na mchuzi wa papa, baba mdogo kaja kutoka Muheza, na huyu baba mdogo akija ujue kuna kitu. Akala akashiba, akaanza maneno, mara machungwa hayana soko, mara mtoto anaumwa, mara hata nauli ya kurudi hana, yaani nauli ya Tanga Muheza jamani, sasa kama shemeji atakuwa na chochote. Mama kimya anasikiliza. Dada ananigonga goti, anasemaje? Natafsiri, ndo kazi yangu. Baba mdogo kuona mikono inapepea akaudhika, akamwambia Mama, huyu bubu naye anataka kujua ya nini, mngemtafutia mume mapema mkapumzika. Na hilo nalo nikalitafsiri. Nilikuwa darasa la tano, mambo ya kuchagua hili nipeleke hili nisipeleke nilikuwa sijayajua.

Dada wala hakukasirika. Akamaliza tonge, akanawa vidole polepole, akaniambia: muulize zile noti alizokuwa anahesabu mchana nyuma ya choo ni za nani.

Kumbe mchana Dada alikuwa pale anafua, na baba mdogo alimwona kabisa, akachomoa burungutu lake akahesabu mbele yake kama anayehesabu mbele ya kuku. Watu wanafanya hivyo sana mbele ya viziwi, wanadhani asiyesikia haoni. Sasa mi namwambiaje mtu mzima maneno hayo? Nikaanza, "Baba mdogo, shikamoo," na nilishamwamkia tangu saa kumi, "Dada anauliza, samahani, eti zile hela za nyuma ya choo..." nikaishia hapo hapo. Baba mdogo akakohoa, akanyoosha mkono kwenye taa, akasema mafuta ya taa siku hizi ghali, tupunguze utambi. Akauteremsha mpaka tukawa hatuonani. Wengine walidhani ni ubahili, sisi tuliokaa na Dada tulijua kaambiwa nyamaza. Mama hakusema neno, akaichukua taa, akapandisha utambi mpaka chemli ikaanza kushika masizi, akaisogeza karibu kabisa na Dada, akamwonyesha kwa mkono, endelea.

Akaendelea bana. Noti nyekundu ngapi, za bluu ngapi, zimeingia soksi ya mguu gani. Asubuhi baba mdogo kaondoka na basi la kwanza kwa nauli yake mwenyewe.

Na viziwi kila mtu wanampa jina lake la alama, mi langu ni sikio maana yangu yamechomoza. Kuanzia usiku ule jina la baba mdogo ni kidole gumba kinachosugua vidole vingine, yaani kuhesabu noti. Ukoo mzima unalitumia, watoto waliozaliwa juzi juzi wanalitumia, na kwenye msiba wa bibi walipokuja rafiki zake Dada, baba mdogo alijitambulisha mwenyewe kwa alama hiyo hiyo, anacheka. Mnataka faida, si ndo hiyo?

Lakini ngoja. Nikiwa kidato cha tatu Dada alipata mimba ya kwanza, mumewe kiziwi mwenzake, kliniki anakwenda na nani? Mimi. Nesi haongei naye, anaongea na mimi, ananiuliza mambo ambayo mdogo wa kiume hatakiwi kuyajua ya dada yake, na Dada ananijibu huku anatazama ukutani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilikuwa imeshapitishwa mwaka mmoja nyuma, 2010, ila mkalimani wa zahanati alikuwa mimi na sare yangu ya shule. Hapo sikufaidika chochote, na yeye ndo kabisa.

Nimemtumia swali lenu kwa video WhatsApp. Kajibu kwamba mmemuuliza mtu siye, aulizwe yeye kafaidika nini kukua na watu wanaosikia. Anasema mpaka leo tukikaa mezani tunaongea wote kwa pamoja, tunacheka, akiuliza nini, anaambiwa nitakwambia baadaye, na hiyo baadaye haijawahi kufika. Sina la kubisha, na sisi ndo familia inayojua alama.

Basi niandikeni kwenye ndiyo, nimefaidika sana, pengine kuliko yeye, na hapo ndo panaponikera. Ila jibu langu msiliweke fungu moja na yale ya baraka. Barabara ya jirani kulikuwa na kijana kiziwi hakupelekwa shule, alama zake akizielewa mama yake peke yake, na wadogo zake mkiwauliza swali hili sidhani kama watakuwa na kisa cha kuwachekesha. Sisi tulikuwa na nauli ya Mwanga kila muhula, Mama akiitoa kwenye vitumbua vyake. Na baba mdogo, nisimdhulumu, aliwahi kuichangia.