Mzee akiugua Lubumbashi, Serikali inalipa nini?

Baba ana miaka 63, alifanya kazi mgodini zaidi ya miaka 20. CNSS italipa hospitali? (Binti wa Katuba)

Dada, CNSS ni hazina ya hifadhi ya jamii ya Kongo, wazee bado wanaiita INSS, nayo inatoa pensheni. Bima ya matibabu ya uzeeni haina. Kwa pensheni, sheria ya 2016 inataka miaka 60, miezi 180 ya michango, na mtu awe ameacha kazi ya mshahara. Sukari, presha, macho, vyote atajilipia humo humo kwenye pensheni.

Ila kama mapafu yake yameharibiwa na vumbi la mgodi, huo ni ugonjwa wa kazi, na CNSS ina tawi linalogharimia matibabu yake. Familia nyingi hazijui hilo, zinakimbilia kuuza kiwanja. Mwombeni daktari aandike chanzo cha ugonjwa, na mkusanye karatasi zote za mshahara, hata zilizoliwa na panya. Mwajiri aliyekuwa akimkata 5% kila mwezi bila kuipeleka CNSS ni mwizi, sina neno laini zaidi.

Nasikia siku hizi matibabu ni bure. Mama mkwe wangu ana presha. (Kamalondo)

Bure hiyo, mama, ni ya uzazi na watoto wachanga. Ilianzia Kinshasa mwaka 2023. Presha haimo. Angalia mutuelle ya afya, chama cha watu wanaochangiana gharama za matibabu, lakini ulizeni kwanza: inalipia dawa za kila mwezi, au kulazwa tu? Mnangoja miezi mingapi kabla ya kuanza kutibiwa? Kumwandikisha mtu akiwa tayari kitandani ni kuchelewa.

Mdogo wangu yuko Marekani, anasema huko Serikali inatunza wazee wote. (Kampemba)

Nusu ni kweli. Medicare, bima ya afya ya Serikali yao iliyoundwa 1965, ni hasa ya wenye miaka 65 na zaidi, na inalipia hospitali na daktari. Mtu wa kumwogesha na kumlisha mzee miaka na miaka, hapana. Hiyo ni kazi ya Medicaid, mpango mwingine wa Serikali, nao ni wa wenye kipato na mali kidogo. Wengine humaliza akiba yao kwanza ndipo wapokelewe. Basi asiwaringie, atume pesa.

Kaka zangu hawataki kuchangia dawa za mama. Kuna sheria?

Ipo. Sheria ya Familia ya 1987 inawapa watoto wajibu wa kusaidia mzazi mwenye shida, na unaweza kwenda tribunal de paix, yaani mahakama ya amani. Mimi ningeanza na kikao cha ukoo. Weka risiti za dawa mezani, wajomba wakiwepo, halafu kila kaka aseme mwenyewe kwamba hana.