Negativi za mzee, ninunue skana gani?

SWALI: Salamu wahariri. Marehemu baba yetu alikuwa mpiga picha hapa Arua, ametuachia sanduku zima la negativi, nyingi nyeusi na nyeupe, za rangi chache, na kuna zingine panapana sizielewi. Nataka niziingize kwenye kompyuta mwenyewe hapa nyumbani. Kaka yangu wa Kampala anasema Plustek, mtoto wake anasema vile viskana vya bei rahisi vinatosha, na kuna jamaa anauza Nikon Coolscan ya mtumba. Nimsikilize nani?
– Msomaji, Arua

JIBU: Poleni sana na msiba wa mzee. Sasa ndugu yangu, kabla hujatoa hata shilingi moja chukua rula upime hizo negativi. Zenye upana wa milimita 35 na vitundu kandokando ni za kawaida, picha moja ni milimita 24 kwa 36. Zile pana za kama sentimita 6 ni filamu ya 120, watu wa studio walikuwa wanaipenda sana, na hapo ndipo ushauri wa kaka yako unakwama maana Plustek OpticFilm 8100 na 8200i zinakula milimita 35 tu, ile pana hata haiingii.

Kama zile pana ni kidogo tu nunua Plustek, zile zingine utafute mtu wa kukuskania. Lakini chukua 8100, usilipie zaidi kwa ajili ya ile herufi i! Hiyo i ni infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ya kufuta vumbi na mikwaruzo, kwa filamu ya rangi inasaidia kweli, ila kwa nyeusi na nyeupe ya kawaida madini ya fedha yaliyomo kwenye filamu yanazuia infraredi, mashine inaona picha yenyewe kama uchafu. Wewe ambaye nyingi ni nyeusi na nyeupe nunua kipulizio cha mpira na glavu, basi.

Na usidanganyike na namba za kwenye boksi. Plustek wanaandika dpi 7200 (yaani nukta kwa kila inchi), ukweli unapata kama nusu yake, kwa hiyo skani kwa 3600 upate megapikseli kama 17, inatosha kabisa kuprinti kubwa ya ukutani. Ujue tu kila picha unaisogeza kwa mkono, sanduku zima ni kazi ya miezi.

Kama za 120 ni nyingi, Epson V600 ndiyo yako, skana ya kulaza yenye taa kwenye mfuniko. Kwa milimita 35 iko hivihivi, kwa zile pana inatoa picha safi.

Kijana naye mwambie hivyo viskana ni kamera ndogo ndani ya boksi lenye taa, nyingi zinatoa JPEG tu, yaani faili iliyobanwa, na sehemu zenye mwanga mkali kwenye picha zinabaki nyeupe tupu. Za kuchagulia picha, sawa.

Ukimaliza usizitupe negativi wallahi. Zile picha za enzi za Amin walizoonyesha Uganda Museum 2019 zilitoka kwenye negativi kama 70,000 zilizokuwa zimekaa tu kwenye shirika la utangazaji la UBC.

Coolscan ni mashine nzuri sana hata leo, ila Nikon waliacha kuzitengeneza zamani na baadhi zinataka waya wa FireWire ambao laptopu yako haina. Huyo jamaa akuwashie uione inaskani mbele ya macho yako, akikataa achana naye.